Magauni Matatu Mwilini

Maneno mengine huenda nimeyasahau, mimi shule niliishia la saba, lakini jambo lenyewe lilikwenda hivi.

Nilikuwa na magauni matatu ya Ulaya, yale ya majina makubwa. Nilipewa na mama mmoja mgeni niliyempikia miaka mingi Kewanja, siku anafungasha kurudi kwao. Mawili niliyavaa kanisani mpaka watu wakachoka kuyashangaa. Binti yangu alipopata nafasi chuo cha uuguzi, mwalimu mmoja wa Sirari, kule mpakani, alikubali kuyanunua, nami nikapata pa kushika kwenye ada.

Jirani akanitisha. Alisema nguo za bei vile zina kodi, na nikikutwa nazo mfukoni wataita magendo, wataondoka nazo. Simlaumu, yeye aliwahi kupoteza mzigo wa vitenge. Nikawaza: nikiyavaa, nani atabisha kwamba ni yangu? Nikavaa yote, moja juu ya jingine, nikapanda bodaboda jua la saa sita.

Kumbe ndivyo watu wa magendo wanavyovusha nguo pale mpakani. Kwenye kizuizi afisa wa kodi, dada wa rika la binti yangu, alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mama. Leo kuna baridi?"

Nilimweleza yote, jasho linatiririka. Niliwaza ada tu. Aliniingiza ofisini, nikavua mawili. Akageuza kwapani, akaona madoa ya miaka, na pindo nililolishona kwa uzi usiofanana.

"Hizi umezivaa, mama. Kuuza nguo yako uliyoichoka si biashara, hapa hudaiwi kitu. Siku ukianza kununua ili uuze, njoo tukuandikishe."

Nikaona nisimdanganye. Nikamwambia lile la kijani nililivaa mara moja tu, lilinibana.

"Mtu wa magendo hasemi hivyo. Basi hilo ndilo lako kuliko yote," akasema, akanitafutia mfuko.

Mwalimu naye nilimwonyesha lile pindo kabla hajalipa. Alisema ameshaliona, akachukua yote matatu, akaniazima dera la kurudia nyumbani.

Binti sasa yuko chuoni. Dera nililirudisha likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Yule afisa sikumshukuru vya kutosha, nilikuwa na haraka ya kutoka pale. Jirani nimemweleza alichosema, ila sijui kama nimeeleza vizuri, maana bado haamini.