Chuma cha Ndege Kwenye Mashine ya Unga

Soko huria lilipoingia, kila mwenye injini ya dizeli Handeni alitaka kufungua mashine ya kusaga. Yetu ilikuwa ya kwanza pale Kang'ata. Ng'ambo ya korongo ilipofunguliwa nyingine, nilimwambia mume wangu kila siku: mteja akihama, harudi. Ukimwambia, anakuna kidevu tu.

Basi shafti inayozungusha kinu ikakatika. Chuma cha kawaida kilikuwepo Korogwe, unakwenda na kurudi. Lakini shemeji yangu, fundi wa karakana ya ndege Dar, alikuwa amemletea kaka yake nondo ya kijivu, mabaki ya mguu wa ndege. Titani, alitueleza, imechanganywa na madini mengine ikawa na nguvu za chuma kigumu, na uzito unazidi nusu yake kidogo tu, wala haishiki kutu. Akamalizia, "Ila kaka, haipendi kusuguana. Ikisugua chuma kingine, inang'ang'ania."

Mume wangu alisikia neno moja tu: ndege.

"Kilichobeba ndege na watu wake kitashindwa na mahindi?" Kila aliyepita barazani aliimbiwa wimbo huo. Sikio la kufa halisikii dawa, jamani!

Akaipeleka Mazinde, kwa fundi wa shamba la mkonge, akaikereze ipate umbo la shafti. Visu vya fundi wa watu vikaisha makali, akaimaliza kwa taabu, akamrudishia akilaani. Baba watoto akarudi anacheka, akaifunga.

Siku hiyo jirani alikuwa anasagiwa unga wa arusi. Akina mama walijaa uani na madebe yao. Injini ikawaka, kinu kikazunguka, bwana mkubwa kasimama mikono kiunoni. Hata debe la pili halijaisha, mashine ikapiga ukelele, ikafuka moshi, ikanyamaza. Shafti ilikuwa imegandana na bushi zake, zile pete za chuma zinazoishikilia, utadhani zimechomelewa. Waligonga nyundo mpaka jua likapoa.

Akina mama wakajitwika madebe, wakashuka korongoni. Nilikuwa na hasira mpaka nikalia mbele za watu, na sijutii.

Shafti ilipochomolewa, baba watoto akaniambia kwa upole, eti, "Basi uitumie kutwangia." Kutwangia! Nikajaribu, nione mwisho wa vituko. Mchi unataka uzito, mwanangu. Chuma hiki kilidunda tu juu ya mahindi. Nikakitupa kule, nikajitwika debe langu, nikavuka korongo.

Foleni ilikuwa ndefu, na wote walikuwa wateja wangu. Nikawaamkia wakubwa, wakaitikia vizuri tu. Miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja mlangoni, maana miaka yote ile sikuwahi kupanga foleni ya unga.

Bibi mmoja akanivuta khanga, taratibu, bila ubaya wowote.

"Mwanangu," akasema, "mwisho wa foleni ni kule."