Hema ya Bakwe

Acha nianze na ile ya aibu: siku ya kupeleka mahari yangu hapa Nakivale, nilitoka mu gari kwa dirisha, nyuma-nyuma, matako mbele. Na mama mukwe alikuwa amekaa palepale anaangalia. Kwetu mama mukwe hata njiani unamupisha mbali.

Mara ya kwanza tulipoleta mahari, mvua ilikuwa imetutawanya maneno hayajaanza. Mama mukwe akasema: "Mukirudia, mukuje na fasi ya kukalia batu. Shughuli ikivunjika tena, basi, mutafute binti kwingine."

Nikapata hema kwa kwaya ya kanisa moja kule Biharwe: turubai nzito na vyuma virefu. Rafiki yangu akaleta gari yake ndogo. Juu hakuna hata fasi ya kufungia kamba.

Mimi kazi yangu ni kubeba mihogo ku baiskeli. Mizigo tunafunga na mipira ya ndani ya tairi: unapitisha chini, unarudisha juu, unakaza. Basi tukaweka hema juu, nikapitisha mipira mu madirisha, rafiki amekaa ndani upande wake, mimi wangu, tunavuta. Ilikazika kabisa! Tulipomaliza kujisifu, tukaona milango haifunguki.

"Tufungue, tuanze upya," rafiki akasema.

"Saa nzima tumefunga! Bakwe bameshakaa. Washa gari."

Shule niliacha katikati, lakini saa najua kusoma.

Mu barabara polisi akatusimamisha. "Nyinyi, toka nje, nione mzigo."

"Afande, angalia tu. Hatutoki."

"Munakataa?"

"Sisi tunataka, afande. Milango njo inakataa."

Akavuta mlango wa kwanza, akazunguka, akavuta wa pili. Akacheka mpaka akashika kofia. "Kwenda! Mvua inakuja!"

Kweli, upande wa Endiinzi mbingu ilikuwa nyeusi. Ku barabara ya udongo upepo ukaingia chini ya turubai, hema ikataka kuruka. Nikatoa mikono yote inje, nikaishika. Mikono ikakufa ganzi. Sikuachilia.

Tulifika matone ya kwanza yakianguka. Wazee ba bakwe bameshasimama, mmoja amebeba kiti yake. Sikungoja kisu cha kukata mipira. Njo nikatoka kwa dirisha, ile namna niliyosema. Mama mukwe akajifunika uso na kitenge.

Nikasimama, nikatazama chini kwa heshima: "Mama, hema imefika."

Akaambia wazee, uso bado mu kitenge: "Sasa munaangalia nini? Mumusaidie!"

Wazee bakakata mipira, bakasimamisha vyuma. Mvua ilinyesha sana, na sisi chini ya hema tukazungumza mpaka mahari ikapokelewa.

Kisha nikamuuliza rafiki yangu kama mama mukwe alinipenda.

"Kukupenda? Aliogopa tu, ndugu yangu. Mutu kama wewe wakikunyima binti, kesho unarudi na kanisa zima juu ya gari."