Yaya Alivyorudi Uvira

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi Wakongo tunamwita yaya, alivuka mpaka kuingia Burundi vita vilipofika mtaani kwetu Uvira. Alikuwa na binti yake na mjukuu mmoja, mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa hapa Birmingham, nasafisha mabehewa kwenye karakana ya treni kule Tyseley. Wakati wa mapumziko nilitoka nje, nikasimama karibu na mapipa ya taka, nikasikiliza sauti alizonirekodia.

Alizungumza zaidi juu ya maji. Lori la maji lisipofika kwenye kambi yao ya wakimbizi, watu waliteka kwenye mfereji uleule waliofulia nguo. Turubai lao lilikuwa limepasuka. Mvua ikinyesha walisimama wima mpaka ikatike, maana chini palikuwa tope tupu.

Mtoto akaanza kuharisha. Nikampigia yaya.

"Mpelekeni kwa daktari."

"Tuko hapa tangu asubuhi, mdogo wangu. Watu ni wengi, muganga ni mmoja."

"Basi mpeni maji ya chumvi na sukari."

"Sukari nitoe wapi?"

Kwenye chumba chetu cha chai kazini sukari ilikuwa imemwagika mezani, na hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Mtoto alifariki kabla zamu yao haijafika. Walimzika kwenye mteremko nyuma ya kambi. Watu wa kanisa letu la hapa Birmingham walikuja kutupa pole, wakaimba, wakala, wakaondoka. Binti yangu, ambaye amezaliwa hapa, akaniuliza kwa Kiingereza kama tuna picha ya yule mtoto. Hatukuwa nayo.

"Alikuwa anaanza kusimama," nikamwambia. Hicho tu ndicho nilichokijua.

Haikupita muda, yaya akasema wanarudi Uvira.

"Huko bado wanapigana," nikasema.

"Najua."

"Sasa unarudi kufanya nini?"

"Na hapa nafanya nini?"

Nikampa mke wangu simu, maana yaya humsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Akamsihi, akalia. Yaya alingoja amalize, akamshukuru, kisha akasema kwa upole, "Wifi yangu, mvua ya huku haiwalowanishi ninyi."

Forodhani palikuwa pamefungwa, wakapita mtoni. Yaya alisema binti yake aligeuka mara nyingi kuangalia ule mteremko, mpaka yaya mwenyewe akamshika mkono na kumvuta. Nyumba waliikuta haina bati wala mlango. Sasa wanalala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine. Binti haongei tena. Yaya huenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, kwenye mashamba yaliyoachwa, ingawa kila mtu anamwonya asiende huko.

Jumamosi iliyopita nilimpata hewani. Nilikuwa Balsall Heath, hapa mjini, nimesimama nje ya duka la nyama. Nikamuuliza nimtumie nini.

"Usitume kitu," akasema. "Hakuna wa kukifikisha hapa."

"Yaya, sema hata kitu kimoja."

Nilisikia watu wakikohoa nyuma yake, wengi, kisha simu ikakatika. Nikapiga tena. Haikuita.