Niliandika Barua ya Kumtetea Baba, Sasa Ndiyo Inayomhukumu

Wewe unayesimamia ukurasa huu, ficha jina langu na usiweke picha yoyote, maana baba anajulikana na watu wengi hapa Beni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nimemaliza sekondari Butembo, nilikokuwa naishi kwa shangazi, na sasa nimerudi nyumbani, mtaa wa Beu hapa Beni, kungojea matokeo ya examen d'État, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mimi si mtu wa maneno. Darasani nilikuwa najibu kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akaniuliza siku moja kama ninaungama dhambi. Ndiyo maana naandika hapa, kwa watu nisiowaona.

Baba ana kamioneti ya zamani. Anapakia kabichi kwa wakulima wa Vuhovi na kuzileta sokoni huku. Majuma mawili yaliyopita alifika mtaa wa Bungulu wakati msafara wa askari unapita kwenda kupigana na waasi. Askari mmoja aliyetangulia kwa miguu alimpigia kelele: "Papa, toka mu route! Panda kule!" Kule alikoonyesha kulikuwa na kibao kinachokataza kuegesha. Baba akapanda, akaegesha. Ungekuwa wewe ungebishana na bunduki? Msafara ulikuwa mrefu. Kabla haujaisha, watu wa parking walikuwa wamekwisha kufunga gurudumu kwa mnyororo na kuandika amende, yaani faini. Mama anayeuza avoka, yale maparachichi, pale aliwaambia, "Mais bana, ni soldat njo alimutuma hapo!" Wakamjibu, "Mama, uzisha avoka yako." Gari likavutwa mpaka fourrière, ule uwanja wanakofungia magari, pamoja na kabichi zote.

Nyuma ya karatasi ya amende iliandikwa kwamba mwenye kupinga alete barua. Baba aliniwekea ile karatasi mapajani. "Mutoto wangu, nilikusomesha juu ya siku kama hii. Andika."

Hapa lazima niseme siri yetu. Baba hajui kusoma. Alikuwa darasa la pili uasi ulipofika kwao, waasi wakalala ndani ya shule yao na kuchoma madawati kupikia. Hakurudi tena darasani. Leo yeye ndiye mkubwa wa jumuiya ya sala mtaani kwetu, na wakati wa Injili unapofika ananipa kitabu mbele ya watu na kusema, "Asome huyu, tuone kama pesa yangu ya minerval ya shule ilipotea bure." Watu wanacheka. Hakuna anayejua.

Niliandika kwa Kifaransa kizuri, na kwa mwandiko wangu bora. Lakini maisha yangu yote nimeandika barua za aina moja tu kwa wakubwa: barua ya kuomba msamaha unapofukuzwa darasani. Hata kama hukukosa, ulianza kwa kutambua kosa lako na kuomba huruma, halafu ndipo ulieleza, na mkurugenzi wa shule alikurudisha. Ilifanya kazi kila mara. Basi nikaanza hivyo: "Natambua kosa langu kwa unyenyekevu." Chini yake nikaeleza habari ya askari na ya mama wa avoka. Nilipomsomea baba kwa Kiswahili, sentensi ile niliiruka. Niliona ni heshima tu, kama kubisha hodi. Baba alisema, "Ni vizuri. Wasingya," akanishukuru hivyo kwa Kinande, akatia saini yake, zile herufi tatu anazojua kuchora.

Kwenye bureau ya watu wa parking tulipokelewa na ofisa aliyetumwa kutoka jimbo lingine. Alisoma mstari wa kwanza, akaweka barua mezani.

"Papa, shida yako ni nini? Umekubali kosa wewe mwenyewe. Donc unalipa, tunafunga dossier."

"Mimi hapana kubali kosa," baba akasema.

Ofisa akamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Baba akageuka akaniangalia. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. "Na signature hii ni ya nani?" ofisa akauliza. Baba aliitazama ile karatasi. Angeweza kusema kwamba hakujua kilichoandikwa.

"Ni yangu," akasema, akatoka.

Njiani alisema jambo moja tu: "Ulinisomea barua ingine."

Nilirudi bureau peke yangu. Ofisa alicheka kwanza. "Mademoiselle, hii ni barua ya mwanafunzi, hapana ya kupinga amende." Halafu akanieleza. Barua inaweza kuondolewa mpaka Ijumaa hii inayokuja, na mama wa avoka asikilizwe, lakini lazima nije na baba, nitangaze mbele ya mashahidi wawili kwamba niliandika mimi, na kwamba yeye alitia saini bila kuweza kusoma. Mashahidi lazima watoke mtaani kwetu. Yaani wale wale wa jumuiya.

Nilipomwambia baba, hakupandisha sauti. "Waasi walininyima kusoma. Wewe unataka kunitangaza. Gari ioze kule na kabichi yake." Jumapili iliyofuata Injili ilipofika, alimpa kitabu mama jirani.

Bila gari lile hatuna kazi nyingine, na wadogo zangu wataanza mwaka wa shule nyumbani. Nyinyi mliowahi kupinga amende na mkashinda, niambieni: kuna njia ya kufuta maneno yangu bila kumvua baba nguo mbele ya watu? Niende Ijumaa bila yeye, nikaseme? Au ninyamaze tena, kama nilivyonyamaza pale? Jibuni mapema, nitasoma yote, hata matusi. Baba hataona majibu yenu. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsomea, na huyo hamwamini tena.