Saa Niliyojitolea Mwenyewe

Mpaka leo nikifika karibu na ile sala, ule ukumbi wa mikutano pale Palma, navuka barabara, na si kwa sababu ya jua. Kisa chenyewe mmekwisha kukisikia vibaya vibaya huko mitaani, kwa hiyo bora mkisikie kwangu mimi niliyeaibika, na wewe Momade (binamu yangu, najua umekaa hapo ukingoja nafasi) usinikatishe.

Sisi wa Quionga tuko karibu na mpaka mno kiasi kwamba simu zetu zilikuwa hazijui ziko nchi gani. Miaka ile gesi ilipogunduliwa, rede, yaani mtandao wa simu, tuliyokuwa tukiipata vizuri ilikuwa ya Tanzania, ng'ambo ya Ruvuma, na wenzetu wa ng'ambo saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, basi simu ya kisasa ikishika mnara wa kule inajiwekea yenyewe saa ya kule. Tulikwisha kuzoea. Ukimuuliza mtu saa ngapi, anatazama simu, anatoa moja, ndipo anakujibu. Ukienda Palma simu inajirudi yenyewe, ila nyingine huchelewa kidogo mpaka uizime na kuiwasha.

Mimi nilikuwa na simu ya Kikorea, kioo kitupu mbele, na jioni barazani nilikuwa sina mazungumzo mengine. Momade ana yake ya Kichina yenye laini mbili, akawa ananiambia, "Hiyo yako ni ya kujipigia picha, betri inakata roho mchana. Mimi naongea huku na ng'ambo bila kuchomoa laini." Namjibu kwamba ya Kichina ikilia mfukoni mtaa mzima unadhani kuna harusi. Mzee Sumaila, jirani yetu, na simu yake ya tochi, alikuwa akitusikiliza tu. Tena nilikuwa nimetangaza kwamba noti nimeachana nazo, zinachanika, zinalowa, zinanuka samaki, mimi nalipa kwa simu (ingawa kulipa kwenyewe ilibidi nipande kilimani kutafuta rede ya kwetu, na hilo nilikuwa silitaji).

Sasa, wakubwa wa mradi wa gesi wa Afungi walikuwa wakiita wananchi kwenye mikutano ya kuzungumzia machamba, yaani mashamba yetu yaliyo kwenye eneo lao, na wakahitaji mkalimani wa Kireno na Kiswahili. Wazee wetu wakanitaja mimi, Selemane, niliyesoma Pemba. Nijaribiwe mkutano mmoja Palma, saa tatu asubuhi, nikifanya vizuri nipewe mkataba. Kazi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Na aliyeitaka zaidi ni shangazi yangu Muanacha, aliyenilea, ambaye ana minazi upande wa Afungi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alitangulia Palma siku moja kabla, akaniambia, "Mwanangu, mimi Kireno sina. Maneno yangu yatapita kinywani mwako, usiyapunguze."

Asubuhi hiyo simu ikasema saa mbili. Nikatoa moja kama kawaida, nikapata saa moja, nikaona wakati ninao tele. Nikapiga pasi shati mara ya pili, nikanywa chai, nikajisemea Kireno mbele ya kioo. Momade akapita na pikipiki ya rafiki yake, akaniambia, "Twende basi." Nikamwambia tangulia, mkalimani hafiki kabla ya mkutano kama fundi wa maturubai.

Simu iliposema saa tatu (yaani kwangu mimi saa mbili) nikaita pikipiki ya kukodi, nikamwambia dereva nitamlipa kwa simu. Akacheka, "Panda kilimani kwanza, kaka." Nikajaribu palepale mlangoni, pesa ikaenda mara moja. Nikamwambia, "Umeona? Hicho ndicho Kikorea." Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza kwa nini leo imekubali, lakini mtu anayejisifu hana nafasi ya kujiuliza. Kumbe kampuni ya nchini kwetu ilikuwa imewasha mnara mpya kijijini, simu yangu imerudi nyumbani, imeshika saa yetu, na mimi nimetoa saa moja kwenye saa iliyo sahihi.

Nafika Palma, simu inasema saa nne. Nikasema haijajirudi hii, nitaizima baadaye. Naingia sala, watu wamejaa mpaka madirishani, nikafurahi kwamba leo watu wamewahi. Mbele amesimama Zainabu, mwalimu niliyesoma naye, kashika kipaza sauti. Nikadhani anakijaribu. Nikatembea taratibu katikati ya watu, nikakichukua mkononi mwake, nikasema kwa ile sauti niliyoifanyia mazoezi, "Ahsante dada. Wazee wangu, karibuni, sasa tunaanza, tafadhali zimeni simu."

Zainabu akaninong'oneza, "Selemane, tunamaliza."

Mwenye akili angekaa. Mimi nilikuwa nimekuja kuchukua kazi na sikuwa tayari kurudi bila kazi, nikamgeukia administrador, mkuu wa wilaya, mtu wa kusini asiyejua Kiswahili, nikamweleza kwa Kireno safi kwamba kuna watu hawajatoa saa, kisha nikawageukia wananchi kwa Kiswahili, "Hebu toeni simu zenu tuhakikishe."

Wakazitoa. Za Kichina, za Kikorea, zilizopasuka vioo, hata mzungu wa mradi akatoa yake ya bei mbaya. Zote saa nne. Kampuni zile tunazozigombania barazani kila jioni, siku hiyo zilikubaliana. Nikashika tawi la mwisho, nikamwita Mzee Sumaila, maana simu yake haifuati mnara wowote, anaiweka saa kwa mkono.

"Saa nne," akasema. "Na hii haijawahi kuvuka mpaka."

Sala nzima ikaangua kicheko. Mzungu akauliza kwa Kireno watu wanacheka nini, administrador akaninyooshea mkono, "Mkalimani amefika, atatueleza." Nikatafsiri, "Wanacheka kwa sababu mkalimani amechelewa." Ndiyo tafsiri pekee niliyoifanya siku ile.

Nje nikamkuta shangazi anajifunga leso. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amepata kusema.

"Nimesema. Waliita jina langu, nikakungoja. Wakaita tena, nikasimama. Zainabu kanisemea yote, hakupunguza." Akanitazama shati langu lililopigwa pasi mara mbili. "Ila nilitaka uwe wewe."

Niliona aibu ya sala si kitu. Kauli hiyo ya shangazi ndiyo iliyoniuma, na inaniuma hadi sasa.

Basi nimeapa. Simu ninayo, na ya Kikorea bado ni bora (Momade, nyamaza), lakini nikiwa na miadi namuuliza mtu mwenye macho, na sitoi saa wala siongezi. Na kazi ile sijaiacha. Mkutano uliofuata nilifika kabla ya viti, nikavipanga mimi. Uliofuata huo pia. Simlipishi mtu, nakaa benchi la mbele karibu na Zainabu, kila neno analolitafsiri nami nalitafsiri kimoyomoyo. Mkataba ni wake, na anaustahili. Simwombei kuumwa koo, Mungu ananiona. Lakini siku akiumwa, mimi nipo pale.