Muziki wa Baraka

Juzi, hapa mtaani Mchesi, kijana mmoja wa kwetu aliingia kibandani kwangu kuchukua suruali niliyomshonea, simu yake ikalia. Mlio wenyewe ulikuwa gitaa peke yake, polepole, na mguu wangu ukaganda juu ya pedali ya cherehani. Akaona nimeduwaa, akaamua kunielimisha: "Hiyo ni baroque, dada." Nikamkunjia suruali yake, maana alikuwa na haraka. Wewe usiye na haraka, kaa nikusimulie.

Nililelewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya matofali ya udongo, na Koko. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu. Asubuhi na jioni ulisikia mchi wa jirani, kiongozi wa kwaya, ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na moshi wa mkaa ukatuingia wote bila ubaguzi. Koko alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Mbele za Mungu alicheza mpaka kitenge kikamlegea, lakini dansi ya dunia hakutaka hata kuisikia kwa mbali.

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na gitaa. Padri mmoja kule kwao Uvira alimfundisha nyimbo za Ulaya za zamani sana, zinazopigwa kwa ncha za vidole na kucha. Uzi wa gitaa ukikatika alifunga uzi wa kuvulia samaki, na kazi ikaendelea. Alipokuja kuomba anifundishe, Koko alimkazia macho.

"Ni muziki gani hiyo?"

"Ni ya baroque, mama."

"Ya baraka? Kama ni ya baraka, basi mutoto ajifunze."

Mwalimu hakumsahihisha. Nadhani aliona heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi sikujua tofauti, na mtaa mzima ukawa unasema najifunza baraka. Nikafuga kucha za mkono wa kulia na kukata za kushoto, wenzangu wakanicheka eti upande mmoja bibi harusi, upande mwingine mkulima.

Wimbo nilioupenda ulikuwa wa mapigo matatu, na la pili ndilo zito. Unalikalia kidogo kabla hujaendelea. Jioni mwalimu alikuja na gitaa lake, nikapiga mlangoni huku Koko akichambua maharage, na ungo wake ulitikisika palepale kwenye pigo la pili. Mchi wa jirani haukupatana nasi hata siku moja. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, na sijaipata tena ya namna ile.

Ni jirani huyohuyo aliyekuja kuomba chumvi, akauliza bila ubaya wowote: "Mwalimu, hii wimbo inaitwaka je?"

Siku hiyo mwalimu alikuwa mchangamfu. "Sarabande. Bakubwa ba Ulaya njo balikuwa banaicheza mu mafeti, mu sherehe yabo."

"Banaicheza?" Koko akainua uso. "Iko dansi?"

Mwalimu hakuweza kumdanganya mtu mzima. "Njo, mama. Ya zamani sana."

Koko alimaliza kwanza maharage yake yote. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Dansi ya dunia, mu nyumba yangu, hapana."

Nililia, nikasusa chakula, hakunibembeleza. Sikio halizidi kichwa, basi nikakata kucha. Haukupita muda mrefu mwalimu akapata nafasi ya kwenda ng'ambo, akaondoka na gitaa lake. Aliniachia kipande cha ule uzi wa samaki, sijui nikifanyie nini.

Msimu wa mvua uliofuata Koko aliugua. Siku moja nikimnywesha uji alinishika mkono wa kulia, akapapasa vidole kimoja kimoja.

"Kucha yako iko wapi?"

"Nilikata, Koko."

"Nipigie ile ya baraka."

Nilidhani homa imempanda kichwani. "Lakini ulisema ni dansi, Koko."

"Niko najua. Mi mwenyewe nilikuwa naicheza na ungo. Unawaza sikuona?" Akafumba macho. "Nipigie."

Gitaa lilikuwa limevuka bahari. Nilimwimbia kwa mdomo, vidole vyangu vikipiga juu ya mkono wake. Wimbo ule una sauti mbili zinazofukuzana, na mdomo wangu una moja tu. Kidole chake kiligonga mkeka kwenye pigo la pili, kikagonga tena, kisha kikatulia. Alilala. Hakumaliza wiki ile, na jirani ndiye aliyetuongozea nyimbo za maziko.

Siku hizi nikipita Dzaleka nakuta nyumba yetu ina watu wengine, na jirani alishahama. Wakati mwingine namkasirikia Koko, Mungu anisamehe. Alijua siku zote ungo wake ulikuwa ukifanya nini, kwa nini hakusema gitaa likiwa bado mlangoni?

Yule kijana alipotoka na suruali yake nilisimama nimwite, aurudie ule mlio mara moja tu. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshapanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, nayo inakata kona. Nikarudi kwenye cherehani. Ruhusa ninayo. Gitaa ndilo sina.