Kangaruu Mgongoni

Mkataba wangu wa kazi za ndani Saudia ulikuwa umekwisha. Baba, yaani mwenye nyumba, alishasema nitasafiri baada ya Idi, na mimi nikamwambia mama kule Kaloleni amzoeshe mwanangu habari zangu. Nilimwacha hajaachishwa ziwa. Sasa alikuwa anaongea, na aliyemwita mama alikuwa nyanya yake.

Wiki hiyo hiyo ya Idi, baba akarudi kutoka shamba la mapumziko la rafiki yake, nje ya Riyadh, amebeba kitu ndani ya kitambaa chake chekundu cha kichwani. Nilipofunua nikaona masikio, mkia, na miguu mirefu isiyo na manyoya. Nikajua ni panya. Watu hawa wana pesa, nikasema moyoni, lakini hata panya?

"Huyo si panya, dada," akasema dereva. Alizaliwa Jeddah, ila wazee wake walitoka Unguja na Kiswahili chao hakikumtoka. "Kangaruu huyo, mnyama wa Australia. Mamake kafa, na yeye bado ni wa kukaa kwenye mfuko wa tumboni mwake."

Madam, mke wa baba, akamnunulia mkoba laini, akautundika kwenye mlango wa stoo. Mnyama akalia, akatetemeka, akagoma maziwa. Mimi nilikuwa na sakafu ya kupiga deki, na makelele yale yalinichosha. Nikachukua leso nikambeba mgongoni kama tunavyobeba watoto kwetu. Akanyamaza. Jioni akamaliza chupa nzima.

Kumbe nilikuwa najiharibia. Tangu siku hiyo hakumkubali mwingine. Madam alinipiga video nikiosha vyombo, masikio yale yakichungulia begani mwangu, akawatumia dada zake, wakavunjika mbavu. Nilipouliza tikiti akajibu, "Baadaye. Huyu akue kwanza." Pasipoti yangu alikuwa nayo baba. Ningefanya nini?

Nikaamua kumfundisha madam mwenyewe kumbeba. "Madam, inama hivi. Sasa kaza hapa kifuani."

Alijitahidi, nisimsingizie. Lakini mnyama alimkwaruza shingo, naye madam akaifungua leso akanirudishia. "Halas, basi. Anakutaka wewe." Dereva naye tulimjaribu, akaambulia teke la mbavu.

Nilimchukia yule kiumbe. Na bado siku moja nikimpangusa maziwa mdomoni nilimwita mwanangu. Lilinitoka tu. Nikalia pale pale jikoni kwa hasira.

Akakua, kama wanavyokua wote. Akaanza kula majani uani, akaruka vitalu vya maua, akaukataa mgongo wangu. Baba akamrudisha shambani kwa wenzake. Nikampigia mama nikamwambia sasa ni kweli, naja, nikaanza kufua nguo za safari.

Nilikuwa nazianika madam aliponifuata, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Akashika mkono wangu akauweka tumboni mwake. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimlenga, maana alikuwa amemngoja mtoto miaka mingi.

"Nimeona ulivyomlea yule," akasema. "Wangu simpi mwingine ila wewe."

Sikuulizwa kama nataka. Nilimpa hongera, nikamalizia kuanika nguo.

Nilichelewa kupiga simu nyumbani kwa sababu sikujua nitaanzia wapi. Nilipopiga, mwanangu ndiye aliyepokea. Akauliza mimi ni nani.

Nikamwambia ni shangazi, ampe mama simu.